Mwaka wa Sita

Mwaka wa kwanza walinipigia makofi.
Padri alinitaja kwa jina, Ithungu akachinja jogoo,
watoto wakanitazama kama redio iliyokufa zamani
ambayo ghafla imetoa sauti.
Mwaka wa sita hakuna makofi.
Mtu hapongezwi kwa kuvaa viatu.

Haba na haba hujaza kibaba:
mimi nilikijaza, nikakinywa, nikakilamba kitako.
Randa niliiweka rehani kwa Mama Sikola,
kisha msumeno, kisha mlango
wa nyumba niliyolala mwenyewe.
Seremala asiye na mlango! Kilembe nzima ilicheka,
nami nikacheka nao, maana kicheko kilikuja na glasi.

Sasa kila usiku saa tatu
napanda hadi kwenye vigari vya madini vilivyoliwa na kutu,
mahali pekee ambapo mtandao unashika,
naandika neno moja: Nipo.
Kutoka Arua, Candiru anajibu. Anakaanga mihogo,
simu yake ina mafuta, vidole vinateleza;
kuna siku aliandika Nipi, tukaelewa.
Kutoka Mbarara, Tumuhimbise, mwalimu wa hesabu,
anayezihesabu siku kwa ukaidi.
Na Emuron wa Soroti, dereva wa trekta,
hutuma sauti, haandiki,
na nyuma ya sauti yake, mbwa. Daima mbwa.

Sijawahi kuwaona.
Sijui Candiru ni mrefu au mfupi.
Ila najua alfajiri mikono yake hutetemeka hata leo,
na yeye anajua habari za mlango.

Mwezi huu tulimzika Masereka,
niliyekunywa naye miaka kumi na minne.
Jeneza nililipiga mimi, la mkalitusi,
pembe zikakaa sawa.
Waliokuja kumlilia walikuja na kile kile kilichomuua,
ndani ya dumu la njano.
Shemeji yake akanisukumia kikombe:
"Kwa heshima ya marehemu."
Ni kweli, nilitaka kumheshimu.
Nilitaka kumheshimu mpaka nianguke.

Chini yetu Nyamwamba ulikuwa unanguruma.
Mto ule ulipofurika ulibeba nyumba, ukabeba daraja,
kisha ukarudi kitandani mwake, mdogo, mpole,
na watoto wanaufulia soksi.
Lakini palepale pa zamani hajengi mtu.
Maji hayasahau njia.
Nami ninayo ndani yangu, kavu, pana,
ya mawe meupe.

Nikapanda kwenye vigari saa nane mchana, saa isiyo yetu.
Nikaandika Nipo, nikaongeza alama ya kuuliza.
Candiru akapiga.
Hakuniambia niwe imara. Hakutaja watoto.
"Hicho kikombe kina rangi gani?"
"Kijani. Kimemeguka mdomoni."
"Haya. Nageuza mihogo, usikate."
Nikasikia mafuta yakichemka huko Arua,
nikasikia mteja akilalamikia chumvi,
akipunguziwa bei, akilalamika tena,
mpaka kule chini kikombe kikapata mwenyewe mwingine.

Emuron ana siku kumi na tisa hajajibu.
Alama moja ya kijivu, haiongezeki ya pili.
Tumuhimbise sasa anaandika hesabu mbili,
yake na ya kimya kile.
Candiru humtumia bei ya mihogo.
Mimi nimemwambia nimetengeneza mlango wa mninga,
bawaba tatu, bado haujapata mnunuzi,
na kwamba siuharakishi.

Saa tatu. Kutu inanichafua suruali.
Nipo.
Nipi.
Nipo, elfu mbili mia moja na ishirini na mbili.
Kisha hatuondoki mara moja.
Tunakaa kidogo, kila mtu gizani kwake,
tukisikiliza kama kuna mbwa.